Wali Upo, Mboga Iungwe

Mtu anayeamua kuacha nyama, samaki, maziwa na mayai akiwa Ifakara hakosi chakula. Mchele anao, tena mchele ambao watu wa Dar es Salaam wanauulizia kwa jina. Ndizi zinatoka vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, mihogo haiadimiki, na mvua zikishakolea mboga za majani zinaota hata pembeni ya njia. Anachokosa ni kitu cha kulia ule wali.

Bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, ni nchi ya mto. Wandamba wamelima mpunga na kuvua samaki kwenye maji haya vizazi kwa vizazi, na hata aliyehamia juzi akitafuta shamba, akishakaa msimu mmoja anazoea kuona sahani ya wali ikingojea perege au kambale. Ndiyo maana mtu akiondoa samaki anaona ameondoa utamu wote. Anachemsha maharage kwa maji na chumvi, anamwagia mafuta juu, anakula hivyo wiki mbili bila raha, halafu anarudi kwa muuza samaki na kutangaza kwamba chakula cha majani hakishibishi.

Nawaandikia watu hao, na sababu zao ni nyingi. Wapo Wasabato ambao siku zote hawali nyama. Wapo Wakatoliki wanaotaka Kwaresima yao iwe zaidi ya kubadili nyama kwa samaki. Wapo walioambiwa na daktari wapunguze mafuta ya wanyama, waliolemewa na bei ya kitoweo, na siku hizi wapo vijana walioamua kutoka moyoni kwamba hawataki kula kitu chochote cha mnyama. Kwa wote nasema jambo moja: maharage yako hayana kosa. Hujayapa muda na viungo unavyompa kuku wa Krismasi. Yape, uone kama kuna mtu mezani atakayeuliza samaki yuko wapi.

Tuanze na wali wenyewe, kwa sababu wali ukipikwa vizuri unabeba nusu ya mlo.

Ukiwa sokoni usikimbilie weupe wa mchele. Uliza umri wake. Mavuno makubwa ya bonde huanza karibu na Mei, na mchele wa miezi hiyo una unyevu, hunywa maji kidogo na hushikana upesi. Uliokaa ghalani hadi mwaka unaofuata ni mkavu, unataka maji mengi na punje zake zinaachana. Muuzaji mzoefu hakufichi. Ukimuuliza, "Mama, huu ni wa mwaka huu?" atakujibu, "Wa mwaka jana, mwanangu, huu unakunywa maji." Chukua punje mbili utafune, wa zamani ni mgumu na unavunjika kwa sauti. Kuhusu aina, supa ndio wenye harufu, na kama utapika wali mtupu nunua huo. SARO 5, ambayo wataalamu wa mbegu wanaiita TXD 306, imependwa na wakulima kwa sababu inazaa zaidi. Harufu yake haifiki ya supa, lakini ukiupika kwa nazi tofauti hiyo hupungua sana. Sioni sababu ya kutia supa ya bei kubwa kwenye tui zito na iliki.

Wali wa nazi ninaousifia hauna siri. Nazi moja kubwa inatosha vikombe viwili vya mchele. Kuna nazi, tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, na tui hilo zito liweke pembeni. Rudia kukamua mara mbili zaidi kwa maji mengine upate vikombe vitatu vya tui jepesi kama mchele ni wa zamani, viwili kama ni mpya. Peta mchele, chagua mawe na chuya, osha. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele, funika, na usiuchokonoe. Maji yakikaribia kukauka mwagia tui zito, geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, kisha punguza moto. Hapa ndipo jiko la mkaa linapolishinda la gesi: toa makaa mengi chini, acha machache, na yale uliyotoa yapange juu ya kifuniko. Palia hivyo kwa dakika kama ishirini. Moto wa juu unakausha punje za juu huku za chini zikigandamana taratibu na sufuria. Ukifunua, juu pawe pakavu, kila punje imesimama na inang'aa mafuta ya nazi. Chini kuwe na ukoko wa rangi ya dhahabu, unaotoka mzima ukiukwangua kwa ukingo wa upawa. Nyumba nyingi watoto hugombania ukoko huo, na hauna kitu cha mnyama ndani yake. Mwenye jiko la gesi aweke bati chini ya sufuria na moto mdogo kabisa. Atapata wali mzuri, ila ukoko wake hautakuwa huu.

Sasa maharage, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu.

Loweka maharage usiku kucha kwa maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo. Tia mapya na uyachemshe kwa moto mkali, yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Hii si mbwembwe. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, na moto wa chini chini hauiondoi. Baada ya hapo yaache yaive polepole mpaka ukiminya moja kwa vidole linapondeka lote, pamoja na ganda. Maharage yanayokatika katikati lakini bado yana mchanga ndani hayajaiva, hata ukiyamwagia nazi ya shamba zima. Kuhusu magadi, najua yanaokoa mkaa. Lakini yanapunguza vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, kwa hiyo kama maharage ni ya zamani mno tumia chembe tu, na mara nyingi kulowekwa vizuri kunatosha.

Kisha kuunga. Chukua vitunguu maji viwili vikubwa kwa nusu kilo ya maharage, vikate vidogo sana, uviweke kwenye mafuta kidogo kwa moto mdogo. Usivikaange kwa haraka. Vigeuze robo saa nzima mpaka vilainike, vipungue, vigeuke rangi ya kahawia na vitoe harufu ya utamu. Waethiopia ni mabingwa wa hili. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga karibu nusu ya mwaka au zaidi, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo kwa karne nyingi wamelazimika kufanya dengu na unga wa jamii ya kunde viwe chakula cha kutamaniwa. Michuzi yao mingi huanza na lundo la vitunguu vinavyopikwa vikavu, bila hata tone la mafuta, kwa muda mrefu. Mafuta na viungo vinafuata baadaye. Uzito na utamu wa ule mchuzi unatoka hapo. Nimeona watu wakitafuta unga wa kiungo wa pakiti ili mchuzi wao uwe na kitu, wakati kitu chenyewe ni kitunguu kilichopikwa kwa subira. Tena soma pakiti hizo. Baadhi zina mafuta ya kuku au unga wa maziwa.

Kitunguu kikishaiva tia saumu na tangawizi iliyotwangwa, halafu nyanya tatu zilizoiva, na zipike mpaka mafuta yajitenge pembeni. Nyanya mbichi ndani ya maharage ndiyo inayoleta uchachu unaochosha. Mimina maharage pamoja na maji yake, ponda upawa mmoja hivi kwenye ukuta wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, kisha tui jepesi na chumvi. Acha vichanganyike dakika kumi na tano. Tui zito linakuja mwisho kabisa, na ukishalitia koroga bila kuacha mpaka litokote tena, vinginevyo litakatika na utabaki na maji na mabonge. Dakika tano, epua, kamulia nusu ndimu, tia giligilani. Ndimu hiyo usiisahau. Samaki huwa tunamkamulia ndimu bila kuambiwa, lakini maharage tunayaacha yakiwa na utamu mmoja tu, kisha tunashangaa kwa nini yanakinaisha.

Njia hiyo hiyo inafaa kunde kavu, choroko na mbaazi, vitu vinavyolimwa bondeni na jirani zake. Mbaazi zipunguzie nyanya, hazizipendi. Choroko hazihitaji kulowekwa usiku kucha, na kwa mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni hizo ndizo za kutegemea.

Kisamvu nacho kina mashabiki wake, nami ni mmoja wao, lakini kinataka adabu. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi. Kuyatwanga kunaiachia sumu hiyo na kuyachemsha kunaiondoa. Basi chagua majani machanga ya juu, toa vikonyo, twanga kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa, chemsha kwa maji mengi bila kufunika. Mvuke utoke. Saa moja ni kiasi cha chini, na wanaokijua huenda hata mbili. Wanaosaga kwa mashine ya sokoni wajue kwamba kusaga hakufupishi muda wa moto. Kikishalainika tia nyanya chungu zilizopasuliwa, kitunguu, na tui jepesi. Karibu na mwisho tia karanga, halafu tui zito.

Karanga hizo zinahitaji maneno yake. Kaanga kavu, pepeta maganda, chagua, twanga. Katika kuchagua uwe mkali: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu ulimini inatupwa, wala usiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na hakuna anayepaswa kuisahau baada ya mwaka 2016, ilipoua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Bonde letu lina joto na unyevu, kwa hiyo nunua karanga kidogo kidogo na uzihifadhi pakavu. Ukishatwanga, koroga unga wake kwenye maji na uuchemshe peke yake dakika kumi kabla ya kuutia kwenye mboga, ladha ya ubichi iliyobaki iishe.

Nashangaa pia tunavyosahau ufuta. Wakulima wa Kilombero na Ulanga wanaulima, magunia yanapanda malori na kwenda zake nje ya nchi, na jikoni kwa mkulima huyo huyo hakuna hata kikombe. Bakiza kilo moja. Ukaange kavu mpaka uanze kurukaruka, utwange ukiwa wa moto, na vijiko viwili vya unga huo kwenye majani ya maboga au matembele vitakupa mboga nzito bila nazi. Ufuta wenye maganda yake una madini ya chokaa na chuma, mambo ambayo asiyekunywa maziwa wala kula nyama anayahitaji kweli.

Majani mengine hayataki muda mrefu. Mchicha, matembele na majani ya kunde yanaharibiwa na kupikwa sana. Kitunguu, nyanya kidogo, majani, dakika chache, basi. Mlenda ni rafiki wa ugali zaidi ya wali, nao ukitiwa karanga hauhitaji msaada mwingine. Uyoga wa porini unaotokea na mvua ni mtamu na una ule ukolevu tunaoutafuta kwenye nyama, lakini kula ule tu ambao mtu anayeujua kwa hakika amekuonyesha, na kama una shaka acha. Hakuna mchuzi unaostahili kuhatarisha ini lako.

Sasa nije kwenye lile ambalo wengi wanalikosa bila kulitaja: moshi. Samaki tunaowala bondeni mara nyingi wamebanikwa au kukaushwa kwa moshi, na ladha hiyo ndiyo ulimi unayoikumbuka kuliko minofu yenyewe. Irudishe. Bilinganya nzima iweke juu ya makaa, igeuze mpaka ganda liwe jeusi na ndani iwe laini, imenye, iponde na saumu, chumvi, pilipili na ndimu, kisha iunge na kitunguu na tui. Nyanya nazo zibabue kwenye makaa kabla ya kuzitia kwenye mchuzi. Bilinganya ya moshi na wali wa nazi ni mlo ambao ningempa mgeni wangu wa heshima bila wasiwasi wowote.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo. Ifakara ni mji wa misikiti na makanisa, kwa hiyo majirani wengi walifunga pamoja. Miezi hiyo ghala linapungua na mchele unapanda bei, wakati huo huo mboga za majani zimejaa. Angalia basi meza ya futari: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, uji wa mchele. Vingi havina kitu cha mnyama. Anayetafuta chakula cha kufariji bila nyama hana haja ya kubuni, anahitaji kumtembelea jirani yake Mwislamu wakati wa kufuturu. Ndizi za nazi ni rahisi kuliko wali: menya ndizi mbichi huku mikono umeipaka mafuta ili utomvu usigande, katakata, panga kwenye sufuria na kitunguu, nyanya, karoti na tui jepesi, zikilainika mwagia tui zito na utikise sufuria badala ya kukoroga, zisivunjike. Ukitaka zishibishe mtu anayetoka shambani, changanya na maharage yaliyokwisha kuiva.

Kwa asubuhi na kwa watoto, vitumbua. Nunua chenga za mchele, ni za bei ndogo na kwa kazi hii zinafaa kabisa. Loweka vikombe viwili usiku kucha, chuja, saga na kikombe kimoja cha tui zito, sukari, iliki na kijiko kidogo cha hamira. Wengi hutia yai wakiamini ndilo linalolainisha. Tia badala yake vijiko viwili vya wali uliokwisha pikwa na uvisage humo humo. Ulaini utakaoupata haudai yai. Acha rojo liumuke kama saa moja, pika kwenye kaango la vitumbua lenye mafuta ya moto, na ukingo ukianza kuwa wa kahawia geuza kwa kijiti. Rojo likiwa jepesi sana kitumbua hakitanyanyuka. Likiwa zito sana kitakuwa na moyo mbichi. Liwe linadondoka kutoka kwenye upawa kwa uzi mnene.

Bagia za kunde zinastahili kuwa za kila wiki. Loweka kunde, fikicha maganda yaelee na kuondoka, saga kwa maji kidogo iwezekanavyo, kisha upige unga ule kwa mkono dakika kadhaa mpaka uwe mwepesi na umejaa hewa. Hapo ndipo tofauti ya bagia na jiwe inapopatikana. Tia kitunguu, saumu, giligilani, pilipili na, mwisho kabisa, chumvi. Kaanga, kula na chachandu.

Na kabla mpunga haujakomaa sawasawa, ukikutana na pepeta usizipite. Mpunga mchanga huo, uliokaangwa na kutwangwa ukiwa wa moto mpaka punje zikawa bapa, hauhitaji moto tena. Loweka kidogo kwa tui la nazi na sukari, au utafune hivyo hivyo na vipande vya nazi. Msimu wake ni mfupi na wanaozitwanga ni wachache kuliko zamani, kwa hiyo lipa bei wanayosema.

Wanaolalamika kwamba chai bila maziwa si chai wafike kijiji cha Mbingu, humu bondeni. Kakao inalimwa huko, na kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua kakao mbichi kwa wakulima na kuichachusha na kuikausha. Kakao ya bonde hili imefika hadi San Francisco, Marekani, ambako kampuni ya Dandelion Chocolate imeitumia kutengeneza chokoleti yenye kakao na sukari tu, bila maziwa. Sisi tunaoishi jirani na mashamba hayo tunakunywa majani ya chai yenye sukari nyingi. Pata mbegu chache zilizokwisha chachushwa na kukaushwa, kaanga kwa moto mdogo mpaka harufu ijae nyumba, menya, twanga mpaka zitoe mafuta na kuwa uji mzito. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji na tui jepesi, sukari, iliki, chemsha huku unakoroga. Mvua ya Machi ikipiga bati, sijui kinywaji kinachoizidi.

Nifike kwenye afya, maana hapa sitaki kumdanganya mtu. Wali na maharage vikiliwa pamoja vinakamilishana kwa protini, hilo halina shida. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde mwili unayapokea kwa ugumu kidogo, kwa hiyo ndimu, nyanya, pera au embe kwenye mlo huo huo yanasaidia, na chai ya rangi ingoje saa moja baada ya kula kwa sababu inazuia. Lakini vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemea. Haipo kwenye mlenda, haipo kwenye ufuta. Anayefunga siku arobaini hana cha kuhofu, maana mwili una akiba. Anayeacha vitu vya wanyama moja kwa moja lazima apate vidonge vya B12 au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, maisha yake yote, hata kama anajisikia mzima. Upungufu wake huja taratibu na unaweza kudhuru mishipa ya fahamu. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasianze bila kuzungumza na mhudumu wa afya, iwe hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale mjini au kituo cha karibu. Nimesikia watu wakisema bibi zetu walikula majani tu wakaishi miaka mingi. Bibi zetu wa bonde hili walikula samaki, tena sana.

Familia nayo ina maswali yake. Shemeji akija akakuta sufuria haina kitoweo atauliza, na wewe usianze hotuba kuhusu wanyama wakati mtu ana njaa. Mpakulie. Kwa mama mkwe pika kisamvu cha karanga, kwa sababu ni chakula anachokijua na atakupima kwa kinu chako. Na kama wewe ndiye pekee usiyekula nyama nyumbani, omba tu kwamba maharage yaungwe kwenye sufuria yake na upawa wake. Ni ombi dogo, halimnyimi mtu.

Kwa mama lishe na wenye nyumba za wageni, hasa upande wa Mang'ula ambako watalii wanaokwenda kupanda Udzungwa hulala, nina neno la kibiashara. Mgeni akisema hali nyama, maziwa wala mayai, mara nyingi anapewa chipsi na kachumbari, asubuhi mkate mkavu. Huku jikoni kwa wafanyakazi kuna maharage ya nazi yanatokota. Mpeni yale. Yaandikeni kwenye ubao pamoja na bei, sema wazi kwamba hayana samli wala mchuzi wa nyama, na mhakikishe ni kweli, kwa sababu anayekula hivyo kwa dhamira ya moyo ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu kilichomo kwenye sahani yake. Angalieni pia majarini mnayopaka mkate na mnayotia kwenye chapati. Nyingine ina maziwa. Mafuta ya alizeti yanafanya kazi hiyo bila tatizo.

Mwisho, joto la Ifakara na kiporo. Chakula cha nazi hapa huchacha upesi, na wali uliolala kwenye sufuria jikoni unaweza kuota vijidudu ambavyo kuupasha moto asubuhi hakuondoi madhara yake. Asiye na jokofu apike wali wa nazi wa kuisha usiku huo. Maharage chemsha ya siku mbili kama unataka kuokoa mkaa, lakini kabla ya kuunga tenga ya kesho yakiwa na maji yake tu, bila kitunguu wala tui, na uyatokoshe tena kabla ya kulala na mara tu unapoamka. Asubuhi kaanga kitunguu, tia nyanya na pilipili, mimina maharage yale yakauke kidogo, na uyale na chapati ya maji iliyopikwa kwa unga, maji, chumvi na mafuta.